Kabla hujamwambia daktari "tumbo linauma", soma hapa kwanza

Jamani mimi kazi yangu ni unesi, zahanati ya kawaida tu huku mikoani, na neno ninalolisikia kuanzia asubuhi mpaka tunafunga ni "nesi, tumbo". Basi, imeisha hiyo. Ukimuuliza sehemu gani anazungusha kiganja kuanzia chini ya kifua mpaka kwenye kinena anakwambia "hapahapa tu". Sasa hapo alipozungusha kuna ini, nyongo, mfuko wa chakula, kongosho, wengu, utumbo wa mita kadhaa, kibofu, na kama ni mwanamke kuna kizazi na mirija yake, na kila kimoja kina magonjwa yake na vipimo vyake. Daktari ana foleni ya watu nje, dakika alizonazo na wewe ni chache, kwahiyo ukimpa maelezo yaliyonyooka unakuwa umejisaidia mwenyewe kwanza kabla ya yeye kukusaidia.

Ninachowashauri watu wote, hata ambao baiolojia waliiachia form two, ni hiki: lala chali kitandani, chora kwa mawazo mstari mmoja kutoka juu kushuka chini unaopita kwenye kitovu, na mwingine wa kulala unaopita hapohapo kitovuni. Umeshapata vyumba vinne. Madaktari nao wanaligawa tumbo hivyohivyo, sio utaratibu wangu.

Chumba cha juu kulia, chini ya mbavu, ndo kwenye ini. Ini ni kubwa, la mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, linatengeneza nyongo, linachuja sumu, dawa nyingi unazomeza linazishughulikia lenyewe. Kwa chini yake kuna kifuko kidogo kinachotunza hiyo nyongo. Mtu akila chips na kuku wa mafuta mengi, halafu usiku anabanwa upande huo wa kulia na maumivu yanaenda mpaka kwenye bega au mgongoni, tunawaza mawe kwenye kifuko cha nyongo na atapelekwa ultrasaundi. Macho yakiwa ya njano usikae nyumbani kabisa.

Juu kushoto kuna mfuko wa chakula, na pembeni zaidi, umejificha chini ya mbavu, kuna wengu, wengine mnaita bandama. Wengu unachuja damu na kuondoa seli nyekundu zilizozeeka, maana seli nyekundu inaishi siku kama 120 tu halafu inavunjwa. Mtu mzima mwenye afya wengu huwezi kuugusa, ila mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara unaweza kuukuta umevimba mpaka unashikika kwa vidole. Kongosho nalo limelala nyuma ya mfuko wa chakula, ndo linatoa insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli. Insulini ikikosekana au isipofanya kazi sawasawa, sukari inabaki kwenye damu, na huko ndo kwenye kisukari.

Sasa hapa katikati juu, pale mbavu zinapokutana, ndo penye shughuli pevu. Kuna bibi mmoja alikuja, nikamwamkia "shikamoo bibi", akasema "marahaba mjukuu wangu, moyo huu utaniua". Nikamwambia bibi naomba unionyeshe kwa kidole kimoja, usitumie kiganja. Akaweka kidole chini kabisa ya mfupa wa kidari, kwenye chembe ya moyo. Nikamuuliza inaanza saa ngapi, akasema usiku tumbo likiwa tupu, inachoma, nikila uji inatulia. Presha yake nilipopima ilikuwa nzuri na mapigo yako sawa. Nikamuuliza anatumia dawa gani, akafungua fundo la kanga akatoa vidonge vya diklofenaki anavyonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti, anameza kila siku! Daktari alivyosikia hayo yote hakuhangaika, akaviondoa vile vidonge hapohapo na akamwandikia rufaa ya kwenda kuchunguzwa vidonda vya tumbo.

Vidonda vya tumbo watu wanadhani vinaletwa na pilipili na mawazo. Chanzo kikubwa ni bakteria anaitwa Helicobacter pylori, aligunduliwa na madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, na mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye hao bakteria ili kuthibitisha, ngozi ya ndani ya mfuko wake wa chakula ikavimba na kuuma kweli. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Chanzo cha pili ndo hizo dawa za maumivu kama za bibi, aspirini na ibuprofeni zimo humo. Kwahiyo tafadhali usimalize mwaka unakunywa dawa za kupunguza asidi bila kupimwa, bakteria anatibika kwa antibayotiki na wengi wakimaliza dozi wanapona.

Ila nisieleweke vibaya, moyo wenyewe nao unaweza kuuma na wakati mwingine unauma hapohapo kwenye chembe ya moyo. Moyo uko katikati ya kifua umeinamia kushoto, una vyumba vinne, kwa mtu mzima aliyetulia unapiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kifua kikibana kama kimekandamizwa, maumivu yakaenda kwenye mkono wa kushoto au taya, jasho jembamba likakutoka, pumzi ikakata, hapo hakuna cha kusubiri kukuche, ni hospitali usiku huohuo.

Chini kulia kuna kidole tumbo, kijisehemu kidogo kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kikivimba maumivu mara nyingi yanaanzia kitovuni, baada ya masaa yanahamia chini kulia yanabaki hapo, hamu ya kula inaisha, unatapika, ukitembea au ukikohoa panatonesha. Huyu mtu asikandwe na maji ya moto, asipewe dawa ya kumfanya aharishe, awahishwe kwenye upasuaji maana kikipasuka usaha unamwagika tumbo zima.

Dada zangu, chini ya kitovu katikati kuna vitu viwili vimepangana, kibofu mbele na kizazi nyuma yake. Kibofu kinatunza mkojo. Mrija wa kutolea mkojo kwa mwanamke ni mfupi, kama sentimita 4, ndo maana bakteria wanapanda haraka na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, zinatusumbua sisi kuliko wanaume. Kukojoa kunachoma, unaenda kila saa, hiyo mwambie daktari. Kizazi kina mirija miwili, kulia na kushoto, inayopokea mayai kutoka kwenye ovari. Mimba ikitunga kwenye mrija badala ya ndani ya kizazi haiwezi kukua mpaka mtoto azaliwe, na mrija ukipasuka damu inavujia ndani huku nje unaona matone tu. Ukiwa umekosa siku zako halafu chini ya tumbo upande mmoja pakauma sana, ukasikia kizunguzungu, taja tarehe ya mwisho ya hedhi kabla hujaulizwa hata kama umekuja na mama mkwe. Nasema hili kwa uchungu kwasababu wengi wanaificha hiyo tarehe kwa aibu, na ni dharura inayoua.

Figo watu wanazisingizia sana. Ziko mbili, nyuma, pembeni ya uti wa mgongo, juu kiasi, mbavu za mwisho zinazifunika kidogo, kila moja ukubwa wa ngumi. Kiuno kinachouma ukiinama au baada ya kulima mara nyingi ni misuli. Maumivu ya figo yanakaa juu zaidi upande mmoja, yakiwa na homa na kutetemeka tunawaza maambukizi, yakija kwa mawimbi yanashuka mpaka kwenye kinena tunawaza mawe. Na ubaya wa figo ni kwamba zinaweza kuharibika kimyakimya bila kuuma kabisa, hasa kwa mwenye presha au kisukari, huyo asisubiri maumivu, aombe kipimo cha mkojo na cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa.

Ukishafika kwa daktari taja hivi: paliposhika kwa kidole kimoja, palianza lini, panahamia wapi, nini kinaongeza na nini kinapunguza, dawa zote ulizomeza pamoja na za mitishamba. Hizo za mitishamba ndo zinafichwa kuliko zote, na daktari akikuuliza hakutafutii kesi, anataka ajue ini na figo zako zinapambana na nini muda huu kabla hajaongeza nyingine.