Maswali ya Wasomaji: Familia ya Huxtable Sebuleni Kwetu

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, na siku hizi jioni tunaangalia pamoja vipindi vya zamani vya The Cosby Show, vile vichekesho vya daktari Huxtable, mkewe na watoto wao watano wa Brooklyn. Baba watoto hapendi. Anasema kwamba familia ile ni ya kubuni tu, kwa sababu Wamarekani weusi wengi hawakuishi hivyo, na kwamba baada ya yote yaliyofahamika kuhusu Bill Cosby, aliyeigiza kama daktari huyo, hatupaswi kumkaribisha nyumbani. Je, niache?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Mumeo amegusa mambo mawili mazito, nami nitaanza na lile lililo zito zaidi. Mwaka 2018 baraza la mahakama katika jimbo la Pennsylvania lilimtia Cosby hatiani kwa kosa la kumdhalilisha mwanamke kingono. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ilitengua hukumu ile, si kwa kumwona hana kosa, bali kwa sababu mwendesha mashtaka wa awali alikuwa amemwahidi kwamba hatashtakiwa. Makumi ya wanawake wengine wamesimulia waliyotendewa. Mtoto wako aliyefikia umri wa kuelewa anastahili kuambiwa hayo na wewe mwenyewe, kabla hajayasikia kwingine. Hata hivyo, kipindi kile kilikuwa kazi ya wengi: Phylicia Rashad aliyeigiza kama mama Clair, Malcolm-Jamal Warner aliyeigiza kama Theo na kufariki Julai 2025, pamoja na Alvin Poussaint, daktari wa magonjwa ya akili wa Harvard, ambaye alikuwa mshauri wa kipindi na alipitia maandiko yake. Mimi siwezi kuwafuta wote kwa ajili ya mmoja.

Kuhusu lile la pili, ni kweli kwamba nyumba yenye baba daktari wa uzazi na mama mwanasheria haikuwa nyumba ya kila Mmarekani mweusi. Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 30 Aprili 1992, siku moja tu baada ya ghasia kuzuka Los Angeles kufuatia mahakama kuwaachia polisi waliompiga Rodney King, Mmarekani mweusi. Kituo cha televisheni cha huko kilisitisha habari za moto na uporaji ili kukionyesha, na umbali uliokuwapo kati ya barabara zile na sebule ya akina Huxtable ulionekana wazi kwa kila mtu. Lakini familia za namna ile zilikuwepo, na hazikusahau zilikotoka: ukutani kulitundikwa picha za wachoraji weusi, na binti mkubwa, Sondra, alipojifungua mapacha, waliitwa Nelson na Winnie, wakati Mandela bado yuko kifungoni.

Sasa niruhusu nieleze kwa nini nakushauri uendelee. Katika kipindi cha kwanza kabisa, cha Septemba 1984, Theo analeta alama mbaya shuleni na kusema kwamba yeye anataka tu kuwa mtu wa kawaida. Baba hapandishi sauti wala hashiki fimbo. Anachukua noti za mchezo wa Monopoly, anamkabidhi kijana mshahara wake wa mwezi, kisha anaanza kuuchukua mkononi mwake kidogo kidogo: kodi ya serikali, pango la nyumba, nguo, chakula, hadi anapomuuliza kama atakuwa na mchumba na kuzikwapua zile zilizobaki. Baadaye Theo anatoa hotuba nzuri, akimwomba baba ampende vivyo hivyo alivyo. Watazamaji wanapiga makofi. Baba anamjibu kwamba hajawahi kusikia jambo la kipumbavu kama hilo maishani mwake, na kwamba anachodai ni ajitahidi kwa uwezo wake wote. Kisha anamwambia kwamba anampenda.

Ningekuwa mzazi wa kuangalia hapo tu, ningeridhika. Lakini miaka kadhaa baadaye, Theo akiwa chuoni, inagundulika kwamba ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala upungufu wa akili. Kumbe baba, pamoja na hekima yake yote, hakuwa ameuona mzigo ambao mwanawe alikuwa akiubeba siku ile ya noti za kuchezea. Sijui vichekesho vingi vinavyothubutu kumwonyesha mzazi mwema aliyekosea kwa nia njema, na wengi wetu tumewahi kumwita mtoto mvivu bila kumuuliza maandishi anayaonaje.

Kipindi kile cha kwanza hakifiki nusu saa. Mwombe baba watoto akae nanyi jioni moja akitazame chote, kisha mtafute na kile cha disleksia, mkitazame wote pamoja kabla hajaamua.