Kiputo kilichoniharibia maji ya Uvinza

Mimi ni wa Ujiji, na huku kwetu hakuna mlima unaotoa moshi. Ila kabla ya kupelekwa Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, kwa mafunzo ya kupima gesi za volkano, niliambiwa nikajizoeze kuchukua sampuli Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi karibu na mto Ruchugi. Nikadharau. Kuchota maji nako kunafundishwa?

Nikajaza chupa sita, nikafunga, nikapanda basi la Kigoma. Maabara wakazipindua: kila moja ilikuwa na kiputo cha hewa, kikubwa kama punje ya mahindi. Gesi niliyoifuata Uvinza ilishaanza kuyatoka maji na kuhamia humo. Na lebo, nilizoandika kwa kalamu ya kawaida, zilikuwa zimefutika kwa maji ya chumvi.

Kwa hiyo wewe unayetaka kusoma gesi za volkano, anza na chupa. Izamishe, ijae, uifunge ikiwa bado majini. Joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) pima palepale, maana hubadilika njiani. Maji ya kupimia metali yachuje, uyatie asidi ya nitriki kidogo, metali zisije zikang'ang'ania kuta za chupa. Chupa ya pili iache bila asidi.

Ukali huu una sababu: kipimo kimoja hakisemi kitu, unalinganisha cha leo na cha jana, na kosa la mkono linaweza kufanana na habari za mlima. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, inapopanda, hewaukaa (kaboni dioksidi) huanza kuiponyoka ikiwa bado kina kirefu. Salfa dioksidi nyingi husubiri magma ikaribie juu. Ndiyo maana tunafuatilia uwiano wa hizo mbili.

Na gesi ikipungua usikimbilie kushangilia. Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, salfa dioksidi ilipanda kutoka tani kama 500 kwa siku katikati ya Mei hadi zaidi ya 5,000 tarehe 28, kisha ikashuka mno mwanzoni mwa Juni. Wataalamu walihofia kwamba njia ya gesi imeziba. Tarehe 15 Juni mlima ukalipuka vibaya.

Jingine: usiiname ovyo mashimoni. Upande wa Goma, mashariki mwa Kongo, hewaukaa inayotuama mabondeni huitwa mazuku. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na mbuzi huanguka wakati mchungaji bado amesimama.

Uvinza nilirudi wiki iliyofuata, na maka peni mbili mfukoni.