"Naomba" si la ombaomba

SWALI: Nafanya kazi mapokezi hotelini. Meneja ametukataza kumwambia mgeni "Naomba pasipoti yako", eti tunajidhalilisha. Anataka tuseme "Tafadhali, unaweza kunipa pasipoti yako?" kwa kuwa Kiingereza cha adabu husema hivyo. Yuko sahihi?

JIBU: Nia yake njema, ila amehamisha Kiingereza kizimakizima. Ni kweli ombaomba huomba, na mwenye kusali huomba pia. Lakini "naomba" mbele ya jina la kitu limeshapoa siku nyingi. Baba akiwa mezani kwake mwenyewe akamwambia mwanawe "Naomba chumvi", nani atasema amejishusha?

Tatizo liko kwenye hilo "unaweza". Mwingereza anaposema "could you" anajifanya kuuliza uwezo, tena kwa kitenzi cha wakati uliopita, ili ombi lisimkabe mtu. Kwetu mzunguko huo bado mgeni. Mwambie bibi wa kijijini "Unaweza kunipa maji?" Atakujibu "Naweza," kisha aendelee kuchambua mchele wake.

Ulaini wa Kiswahili hukaa kwenye umbo la kitenzi. "Nipe" ni amri, hata ukitabasamu. "Naomba unipe" imeshalainika, na "naomba unipatie" zaidi, kwani kumpatia mtu kitu ni kufanya hadi akipate. Unayemwomba unamwachia nafasi ya kukitafuta. (Ni "unipatie", si "unipatia". Kosa hili nalisikia hata redioni.) Kabla ya kitenzi kuna salamu, na hapo ndipo sehemu kubwa ya adabu yetu ilipo. "Shikamoo mama, pole na safari. Naomba pasipoti yako." Huyo hajaamrishwa.

"Tafadhali" nalo lina tabia zake. Kwa Waarabu, "tafaddal" hutamkwa na mwenyeji anayemkaribisha mgeni; kwetu limehamia kwa anayeomba, na karibisho likabaki kwa "karibu". Kwenye tangazo la ukutani linafaa. Mdomoni, angalia sauti: "Tafadhali bwana!" ni onyo, na anayeambiwa hivyo hujua ugomvi uko jirani.

"Unaweza" msilitupe. Mgeni akifika na mkongojo, muulizeni: "Utaweza kupanda ngazi, au tukupe chumba cha chini?"