Swali la lugha: Aliyetiwa hatiani bado ni mtuhumiwa?

SWALI: Nilisoma habari ya mahakamani iliyosema: "Jaji alizingatia makosa mengine ya mtuhumiwa kabla ya kumhukumu." Mimi naona kosa liko kwenye "mtuhumiwa". Mwenzangu anashikilia kuwa ni "makosa". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili, na bado kuna la tatu.

Mtuhumiwa ni mtu anayeshukiwa tu. Akisomewa shtaka anakuwa mshtakiwa. Kumwita mtuhumiwa wakati wa kupangiwa adhabu ni kumrudisha nyuma, kwani tuhuma imekwisha kuthibitishwa. Waandishi wengi huendelea kusema "mshtakiwa" mpaka adhabu itajwe, nami silipingi hilo. Ukitaka neno linalobana zaidi, "mkosaji" lipo.

Hoja ya mwenzako ndiyo nzito. Kesi inaposikilizwa, mahakama hufungwa na ushahidi wa shtaka lililo mbele yake. Hatia ikishapatikana, jaji hutazama mengi zaidi: umri, afya, wanaomtegemea mkosaji, kama alikiri, madhara yaliyompata mwathirika, muda aliokaa mahabusu. Nchini Marekani, katika kesi ya Williams dhidi ya New York, baraza la mahakama (raia wanaoamua kama mtu ana hatia) lilimtia mtu hatiani kwa mauaji na kupendekeza kifungo cha maisha. Jaji akatoa adhabu ya kifo, akitaja matukio mengine ya kuvunja nyumba ambayo mtu huyo alihusishwa nayo bila kuwahi kutiwa hatiani kwayo. Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ikaiacha adhabu hiyo isimame. Mwaka 1997, katika kesi ya Watts, mahakama hiyo hiyo ilikubali jaji azingatie hata kitendo ambacho mshtakiwa aliachiwa huru, mradi kithibitike kwa kiwango cha chini kuliko kile cha kumtia mtu hatiani.

Sasa mwandishi akiyaita mambo hayo "makosa yake mengine", amemtia mtu hatiani kwa kalamu, jambo ambalo mahakama yenyewe haikulifanya. Hili si dogo: msomaji ataamini palikuwa na kesi, ushahidi na uamuzi. "Tuhuma nyingine" au "matukio anayohusishwa nayo" yanatosha. "Makosa ya nyuma" tuyaachie yale aliyokwisha kutiwa hatiani.

La tatu ni "kumhukumu". "Amehukumiwa kifungo cha miaka 5" ni Kiswahili safi, maana adhabu imetajwa papo hapo. Lakini "kabla ya kumhukumu" peke yake ina utata. Je, jaji aliyatazama hayo kabla ya kuamua kama mtu ana hatia? Katika kesi nyingi hiyo ingekuwa sababu nzuri ya kukata rufaa. Au ni kabla ya kupanga adhabu? Tuseme basi "kabla ya kutoa adhabu".

Vivyo hivyo, baada ya hatia kupatikana, "alijitetea kuwa ana watoto wadogo" hainiridhishi. Utetezi umekwisha, hapo mtu anaomba kupunguziwa adhabu.

Mimi ningeandika: "Kabla ya kutoa adhabu, jaji alizingatia tuhuma nyingine dhidi ya mshtakiwa." Kama kumbukumbu za mahakama zinaonyesha aliwahi kutiwa hatiani kwa mambo hayo, badilisha "tuhuma nyingine dhidi ya mshtakiwa" iwe "makosa ya nyuma ya mshtakiwa".