Maswali ya Wasomaji: Raba za Zamani Zinazorudi Madukani

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, alijibana kwa miezi kadhaa mpaka akanunua raba ya Nike iitwayo Air Jordan 3, toleo la mwaka 2023. Alipofungua boksi mbele yangu niliona soli imekwisha kuwa na rangi ya samli, nikadhani ameuziwa mtumba kwa bei ya kiatu kipya. Akanijibu, "Baba, ndivyo ilivyotoka kiwandani." Naomba mnieleze ni kitu gani kinachomfanya mtu alipe fedha nyingi kwa kiatu kipya kilichozeeshwa makusudi. – Msomaji wa Morogoro

JIBU: Mzee wetu wa Morogoro, kijana hajatapeliwa. Toleo hilo lilikusudiwa kufanana na jozi ya mwaka 1988, kiatu hicho kilipotoka kwa mara ya kwanza, iliyosahaulika stoo kwa zaidi ya miaka 30, na ile rangi ya samli inaiga namna soli nyeupe inavyogeuka kadiri inavyopigwa na hewa na mwanga. Mwaka 2022 Nike ilikuwa imekwisha kufanya jambo kama hilo kwa Air Jordan 1 ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeusi: ngozi nyeusi ya shingoni ilitiwa nyufa tangu kiwandani, boksi likavishwa kifuniko kisicho chake, na ndani yake kukawekwa risiti ya mtindo wa maduka ya zamani. Kwa maoni yangu ile risiti ilikuwa mbwembwe tupu, lakini soli ya samli ina hoja. Vijana wengi wamelijua umbo la mwaka 1988 kupitia picha za jozi za mwanzo ambazo tayari zimebadilika rangi, kwa hiyo soli nyeupe pe ingewakaa machoni kama nyumba ya kale iliyopakwa chokaa jana.

Umbo lenyewe ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini. Mbunifu wake, Tinker Hatfield, alisomea usanifu wa majengo kabla ya kuingia kwenye viatu, na mazoea hayo yanaonekana. Michael Jordan, mchezaji wa kikapu ambaye raba hizi zina jina lake, alitaka kiatu chenye shingo fupi kuliko viwili vilivyotangulia, na chenye ngozi laini isiyohitaji kuzoezwa mguuni, maana alikuwa akivaa jozi mpya mara kwa mara. Hatfield akaishusha shingo ikawa katikati ya buti na kiatu cha chini, akachagua ngozi yenye mikunjo midogo midogo, kisha akafungua kidirisha kisiginoni ili mfuko wa hewa uonekane. Mwombe mwanao akuazime mguu mmoja uutazame kwa ubavu. Utaona kwamba ubavuni hakuna ile alama ya kampuni tuliyoizoea, ila ngozi nyeupe iliyoachwa wazi. Mapambo yote yamepelekwa puani na kisiginoni, mahali ambapo kiatu hukwaruzwa zaidi, na pambo lenyewe ni mchoro wa kijivu wenye nyufa kama ngozi ya tembo. Sisi tunaowajua tembo hatuhitaji kuelezwa kwamba ngozi ya namna hiyo haionyeshi michubuko kwa urahisi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Katika raba nyingi za miaka ya 1980 kila kipande kilikuwa na kazi, na jicho hulihisi hilo hata kama mwenye jicho hawezi kulieleza. Air Max 1 ya mwaka 1987, ambayo pia ni kazi ya Hatfield, ilitokana na ziara yake katika jengo la Centre Pompidou mjini Paris, ambalo mabomba na nguzo zake zimewekwa nje pasipo kufichwa. Naye akaona kwamba hewa iliyomo ndani ya soli nayo yafaa ionekane. Kidirisha cha kwanza cha Air Max 1, kilichotengenezwa mwaka 1986, kilikuwa kikubwa, na kwa kuwa kilipasuka kwenye baridi kilipunguzwa. Mwaka 2023 kampuni ilikirudisha kwa ukubwa wake wa mwanzo, baada ya mbinu za kiwandani kuboreka, na watu wakaisifu raba hiyo kwa kitu kilekile kilichokuwa dosari yake.

Si kila marudio hufaulu. Kiwanda kikibadili kalibu kwa milimita chache tu, pua huumuka kama andazi na kiatu kizima hupoteza mkao wake. Katika Air Jordan 3 zilizotolewa mwaka 2011, maandishi ya "Nike Air" kisiginoni yaliondolewa, ikawekwa picha ya mchezaji anayeruka. Jambo dogo, lakini waliozijua jozi za mwanzo walinung'unika mpaka maandishi hayo yaliporudishwa. Muda nao una sehemu yake. Raba za Jordan zilipotolewa upya kwa mara ya kwanza mwaka 1994, wakati mwenyewe ameacha kikapu anacheza besiboli, hazikugombewa kama leo, na si ajabu, kwa sababu za mwanzo zilikuwa bado miguuni mwa watu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Air Jordan ya kwanza, nyeusi na nyekundu, ilipigwa marufuku na NBA, ligi ya kikapu ya Marekani? – Msomaji wa Kisumu

JIBU: Nusu ni kweli. Ipo barua ya NBA ya Februari 1985 inayozungumzia viatu vyekundu na vyeusi alivyovaa Jordan mwezi Oktoba 1984, vilivyokiuka kanuni ya kufanana na sare ya timu. Wafuatiliaji wengi wa historia ya raba wanaamini kwamba vilivyolalamikiwa vilikuwa Nike Air Ship, kiatu alichokitumia kabla chake hakijawa tayari. Matangazo ya biashara ndiyo yaliyoihamishia sifa hiyo Air Jordan 1, nayo ikaipokea vizuri.

SWALI: Mhariri mpendwa, nilinunua raba za retro, kama vijana wanavyoziita raba za zamani zilizotolewa upya, nikazitunza ndani ya boksi kwa miaka mingi bila kuzivaa. Mwezi uliopita nilizivaa harusini kwa binamu yangu, na kabla bibi harusi hajaingia ukumbini soli ilianza kumeguka, nikawa naacha makombo nyuma kama mtu anayekula biskuti akitembea. Je, niliuziwa bandia? – Msomaji wa Mombasa

JIBU: Pole sana, dada. Inawezekana kabisa kwamba raba zako zilikuwa halali. Soli ya kati ya raba nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani, sponji nzito inayopokea rangi vizuri na kuupa mguu utulivu. Adui yake ni maji yaliyomo hewani, ambayo hukata taratibu minyororo ya kikemikali inayoishikilia, mpaka siku moja inageuka unga. Joto huharakisha kazi hiyo, na Mombasa haina upungufu wa joto wala wa unyevu. Boksi halizuii, pengine hata ulizifunga na mfuko wa nailoni, ambao hufungia unyevu ndani pamoja na kiatu.

Fundi atakayekuambia ashone ukingoni atakula fedha yako bure, kwa kuwa uzi utakuwa umeshika unga. Kama ngozi ya juu bado ni nzima, tafuta fundi anayeweza kuing'oa soli yote na kubandika nyingine iliyotolewa kwenye jozi ya karibuni zaidi. Raba ambazo soli yake ni ganda la mpira lililoshonwa kuzunguka, kama Air Force 1 na Air Jordan 1, huvumilia zaidi hali ya hewa ya pwani, hivyo ukitaka kiatu cha kuweka, anza na hizo. Nyingine zote zivae zikiwa na uhai.

Na ukienda soko la Kongowea hapo Mombasa kutafuta retro za mtumba, bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba, hasa karibu na kisigino: ikinata, au ikitoa mistari midogo kama udongo mkavu, irudishe mezani. Kisha tazama kitambulisho kilichoshonwa ndani ya kiatu, ambacho katika raba nyingi huonyesha tarehe za kutengenezwa. Zikiwa zimepita miaka kumi na soli ni ya poliyurethani, patana bei ya ngozi peke yake, ukikumbuka kwamba gharama ya soli nyingine bado inakungoja kwa fundi.