Kuchagua chekechea binafsi: mimi niliangalia anavyoishi mtoto aliye tofauti

Dada, umesema uko kati ya chekechea mbili za hapa Dar: moja ina watoto wa mataifa mengi na ada ya juu, nyingine ni ndogo, ya watoto wa mtaa wenu. Unataka kijana wako akue na watoto wa kila aina. Nakujibu kama mama wa binti mwenye ualbino, aliyepitia chekechea binafsi na sasa yuko darasa la pili.

Bendera zilizobandikwa ukutani zisikuamulie. Watoto wanaweza kutoka nchi kumi na wote wakawa na maisha yale yale: gari, yaya, likizo ng'ambo. Huo nao ni mchanganyiko, siukatai, ila humo mwanao hakutani na mtoto wa bodaboda wala anayetembelea magongo. Uliza kama kuna wanaosaidiwa ada, na kama mtoto wa mpishi wao anasoma hapo hapo.

Kwangu swali la kwanza lilikuwa jua. Ngozi ya binti yangu haina kinga, mwanga mkali unamuumiza macho, na haoni mbali. Kwa hiyo nilikuwa nafika asubuhi kabla ya kengele nione watoto wanapanga mstari wapi. Shule moja ya ada kubwa ilinijibu kofia si sehemu ya sare. Nyingine ilikubali kumpokea, mradi nilipe mshahara wa msaidizi wake juu ya ada. Msaidizi wa nini, kwa mtoto anayehitaji kiti cha mbele na kitabu chenye maandishi makubwa? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, iwe ya umma au binafsi, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu. Ujue hilo kabla hujaingia ofisini kwao.

Tuliyoichagua ina uwanja wa vumbi na mwembe. Mwalimu mkuu aliniuliza mafuta ya kukinga jua anapakwa saa ngapi, kisha akahamishia mstari wa shule nzima chini ya mwembe. Shule nzima, dada. Binti yangu hakuwekwa kivulini peke yake wenzake wakimkodolea macho. Walipouliza kwa nini yeye ni mweupe, mwalimu aliwaambia amezaliwa hivyo, ngozi yake haikupata rangi ya kuikinga, na mama yake ni mweusi kama wao. Wakaridhika, wakaendelea kucheza.

Dini na lugha navyo viangalie. Uliza mtoto wa Kiislamu anafanya nini wenzake wakiimba nyimbo za Krismasi, na Idi inasemwaje darasani. Ukisikia mtoto anaadhibiwa kwa kuongea Kiswahili, mimi hapo ningeondoka, maana anafundishwa kuionea aibu lugha ya bibi yake.

Nenda zote mbili saa ya uji, bila miadi. Angalia nani anakaa peke yake, na kama kuna mwalimu anayeliona hilo. Kwa ulivyozieleza, mimi ningeanza na ile ndogo, ila hesabu kwanza watoto kwa kila mwalimu: wakizidi uwezo wake, hata mwenye moyo mzuri hamfikii anayehitaji kusogelewa.