Maswali na majibu: Arusha ipi unayoisema?

Assalaam alaykum. Jumuiya yetu ilizuiliwa kufanya mkutano wa hadhara miezi minne iliyopita. Tunataka kushirikiana na wenzetu wa Kenya na Uganda tupeleke kesi Mahakama ya Arusha. Tuanzie wapi? (Mwanajumuiya, Wete)

Wa alaykum salaam. Arusha ipi? Swali hili linarudi kila mara na anayeuliza hatofautishi. Pale mna mahakama mbili, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2010 Tanzania iliweka tamko la kuwaruhusu watu binafsi na jumuiya kuishtaki moja kwa moja. Novemba 2019 ikaliondoa, na kuondoka huko kukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Kesi zilizokwisha kufunguliwa kabla ya hapo zinaendelea. Yako mpya haipokelewi, hata wakitia saini mawakili mia.

Ya pili ni Mahakama ya Afrika Mashariki. Hii iko wazi kwa mkaazi yeyote wa nchi mwanachama, wala haikutaki upitie kwanza mahakama za nyumbani. Lakini Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inakupa miezi miwili tu, tangu kitendo kilipofanyika au tangu ulipokijua. Mna miezi minne. Mmechelewa.

Atatokea mtu awaambie kuwa uvunjaji "unaendelea", kwa hivyo muda haujesha. Msimsikilize. Jumuiya ya Kenya iitwayo Independent Medico-Legal Unit ilikwenda na hoja hiyo kuhusu mateso ya Mlima Elgon, na mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa kikaikataa. Kesi nzito, waathirika wengi, imeondoka kwa kalenda. Tazameni upande wa pili: Sheria ya Huduma za Habari ilipitishwa Bara Novemba 2016, na Januari 2017 Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania walikuwa wameshafungua shauri. Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinakiuka Mkataba. Hawakuanza kuandaa warsha ya kupanga mikakati, walianza kuandika.

Jambo jengine: pale hushtaki kwa "haki za binadamu" peke yake. Unashtaki kwa kuvunjwa misingi ya Mkataba, Ibara ya 6(d) na 7(2), yaani utawala bora na utawala wa sheria. Wakili asiyelijua hilo mwekeni pembeni.

Kwenu sasa iliyobaki ni Mahakama Kuu ya Zanzibar, kwa Katiba ya 1984. Baada ya hapo, mkishindwa, Banjul, Gambia, kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Ni lazima tuwe na hadhi ya uangalizi ndipo Tume ya Banjul ipokee malalamiko yetu? (Katibu, Mwanakwerekwe)

Hapana. Hadhi hiyo ni ya kusema katika vikao. Malalamiko anapeleka yeyote, ila awe amemaliza njia za nyumbani, asitumie lugha ya matusi, na ushahidi wake usiwe vipande vya magazeti vitupu. Mkiitaka hadhi yenyewe, maombi yafike si chini ya miezi mitatu kabla ya kikao, pamoja na katiba ya jumuiya, cheti, vyanzo vya fedha na hesabu zilizokaguliwa. Mkishaipata mnaripoti kila baada ya miaka miwili. Wengi huisahau ripoti.

Mtandao wa Bara umetualika kutia nembo yetu katika ripoti ya pamoja ya UPR, yaani mapitio ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ya kila nchi, kule Geneva. Tukubali? (Mratibu, Chake Chake)

Mmeisoma? Kama jibu ni hapana, msitie.

Ripoti ya jumuiya moja mwisho wake maneno 2,815, ya pamoja 5,630. Ukiona ukurasa wa mwanzo una nembo thelathini na Zanzibar imepewa aya moja, ujue mmeitwa kujaza idadi. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hivyo Tanzania inapimwa kama nchi moja, na ilipimwa hivyo 2011, 2016 na 2021. Lakini sheria nyingi zinazotugusa si za Muungano. Hapo ndipo wenzetu wanapoteleza, na sisi tunanyamaza kwa adabu.

Chukueni kalamu nyekundu. Wakiandika ndoa za utotoni kwa kutaja Sheria ya Ndoa ya 1971, pigeni mstari: haitumiki Zanzibar. Ile hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kuhusu umri wa kuolewa, iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufani 2019, ni ya sheria hiyohiyo, basi haikumkinga mtoto wa Micheweni. Kwetu angalieni Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 na mahakama za Kadhi. Wakitaja Sheria ya NGO ya 2002, pigeni mstari wa pili. Hiyo nayo ni ya Bara. Sisi tuna Mrajis wetu, na cheti chenu kinasema mmesajiliwa kwa sheria ipi.

Halafu mapendekezo. Mjumbe wa nchi nyengine akisimama Geneva ana muda mfupi mno, mara nyingi kama dakika moja. "Kuimarisha ulinzi wa makundi maalumu" hakumfai kitu. Mwandikieni sentensi anayoweza kuisoma kama ilivyo: "Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iajiri wakalimani wa lugha ya alama katika mahakama zinazosikiliza kesi za udhalilishaji, Unguja na Pemba, na itenge fungu lao katika bajeti." Hilo mwakani unaweza kuuliza limefanyika au halikufanyika.

Rasimu iandikwe kwanza kwa Kiswahili. Aliyeleta ushahidi aisome ndipo ifasiriwe.

Mtandao unataka majina ya waathirika wa udhalilishaji kutoka shehia yetu kwa ajili ya ripoti ya kanda. Nitume kwa WhatsApp? (Msaidizi wa sheria, Makunduchi)

Hasha. Wala kwa barua pepe.

Mpe kila mmoja namba ya siri. Orodha inayounganisha namba na jina ikae pahala pengine, chini ya ufunguo wa mtu mmoja. Na msidhani kuondoa jina kunatosha: "msichana wa miaka 14, skuli fulani, shehia fulani" huku kwetu ni jina kamili. Andika wilaya na rika, basi. Kinachohitajika ni tarehe ya kuripoti polisi, namba ya RB (kumbukumbu ya ripoti ya polisi), kama alifika kituo cha Mkono kwa Mkono, kile cha kuwahudumia waathirika wa udhalilishaji, na lini, kesi ilikwama hatua gani. Hayo ndiyo yanayoonesha kasoro ya mfumo, si jina la mtoto.

Ridhaa nazo ni mbalimbali. Aliyekubali kuingia katika ripoti hajakubali kutolewa redioni. Kwa mtoto utaiomba kwa mlezi, lakini jiulize kwanza mlezi huyo ana uhusiano gani na mshtakiwa.

Mtandao wetu usajiliwe? (Mwanachama, Mahonda)

Kwa kampeni moja yenye mwisho, hati ya makubaliano baina ya jumuiya zilizosajiliwa inatosha. Mkitaka akaunti ya benki kwa jina la mtandao, sajilini.

Sekretarieti ya mtandao wetu inaomba fedha kwa wafadhili walewale tunaowaomba sisi wanachama, na inatushinda. (Mwenyekiti, Unguja)

Mitandao mingi inakufa kwa ugonjwa huu, Serikali haijaigusa hata kwa kidole. Sekretarieti ikishaajiri watu sita inahitaji mishahara ya sita, na kazi ya wanachama inageuka kuwa yake. Andikeni katika hati: sekretarieti haiombi fedha ya kazi ambayo mwanachama anaifanya, na kila andiko la mradi lionwe na wanachama kabla ya kutumwa. Fedha za pamoja zikae katika akaunti ya peke yake ya jumuiya mwenyeji, watia saini watoke jumuiya mbili tofauti, hesabu zitolewe kila miezi mitatu, na uenyeji uhame. Mwenyeji akikataa kuhama, ombeni ukaguzi kabla hamjagombana.

Kwa nini vikao vyote viko Unguja? (Jumuiya tano za Pemba)

Kwa sababu mnakubali. Dai la kwanza liwe kikao kimoja katika kila viwili kifanyike Pemba. La pili, rasimu ziwafikie siku saba kabla, si usiku wa kuamkia kikao. La tatu, siku ya safari ihesabiwe katika bajeti, kwa sababu anayeteremka boti asubuhi na kurudi kesho yake amepoteza siku mbili, na kusi likichafuka anaweza kupoteza zaidi. Na uamuzi wowote uliopitishwa boti zikiwa zimezuiliwa urudishwe mezani. Litieni hilo katika kanuni za akidi, kwa maandishi.